KIFUA CHA MSAGAJI WETU: TUANGALIE HEWA TUNAYOVUTA KAZINI

Katika toleo hili tunataka kuzungumza juu ya kitu ambacho kila mmoja wetu anakitumia mchana na usiku wala hakilipii hata senti moja. Kitu hicho ni hewa. Tutazungumza hasa juu ya hewa iliyo ndani ya nyumba tunamofanyia kazi.

Mtu akisikia "mahali pa kazi" huenda akafikiria kiwanda kikubwa cha mjini, au ofisi yenye meza na viti. Lakini hapa kwetu chini ya Mlima Elgon mahali pa kazi ni chumba cha mashine ya kusaga. Ni jiko la hoteli pale sokoni, ni jiko la shule, ni stoo ya mahindi, ni nyumba ya kulelea vifaranga. Vingi kati ya vyumba hivi ni mali ya vikundi, na hapo ndipo lilipo neno letu la leo. Kikundi kikinunua mashine ya kusaga na kumwandika kijana wa kuiendesha, kikundi kimekuwa mwajiri. Mkanda wa mashine ukikatika tunachanga pesa siku hiyo hiyo. Je, msagaji akianza kukohoa, tunachanga nini? Mara nyingi tunasema tu, "Kazi ya kinu ndivyo ilivyo." Hapana. Sivyo inavyopaswa kuwa, na mengi yanaweza kurekebishwa na kikundi chenyewe kwa gharama ndogo.

HEWANI MNA NINI?

Hewa ya chumba cha kazi inaweza kuharibiwa na vitu vya aina tatu.

Kwanza ni vumbi. Vumbi kubwa hunaswa puani, na ukipenga kamasi linatoka. Lakini liko vumbi dogo sana, ambalo upana wa chembe yake haufiki hata sehemu ya ishirini ya upana wa unywele mmoja. Hilo pua haiwezi kulizuia. Linashuka hadi kwenye vifuko vidogo vya mwisho vya mapafu, pale ambapo damu hupokea hewa. Huko halipengwi wala halitemwi kwa urahisi.

Pili ni moshi. Moshi wa kuni hubeba masizi madogo mno pamoja na gesi za sumu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa maradhi yaliyoletwa na moshi wa kupikia majumbani, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walikuwa zaidi ya 237,000. Hesabu hiyo ni ya majumbani. Sasa fikiria mpishi wa hoteli au wa shule, ambaye anasimama mbele ya moto mkubwa kutwa nzima, kisha jioni anarudi kupika kwake.

Tatu ni gesi zisizoonekana. Hizi ndizo zinazoua upesi, na tutazieleza mbele kidogo.

CHUMBA CHA MASHINE YA KUSAGA

Hebu tuangalie jinsi mashine inavyofanya kazi. Mahindi yanamiminwa juu, yanapondwa na nyundo zinazozunguka, na unga unapita kwenye chekecheke. Upepo wa mashine unausukuma unga huo kwenye bomba hadi lile pipa la bati lililochongoka chini kama faneli. Humo unga unazunguka na kuanguka kwenye gunia, na upepo unatoka juu. Upepo huo hautoki mtupu. Unatoka na unga laini kabisa ambao ulikuwa mwepesi mno kuanguka. Ndiyo maana juu pale hufungwa mfuko mrefu wa kitambaa wa kuuzuia. Mfuko ukitoboka, au ukiondolewa ati unachelewesha kazi, unga ule wote unabaki chumbani, na msagaji anauvuta tangu asubuhi mpaka jioni.

Maradhi ya vumbi la nafaka hayakuanza leo. Mwaka 1700 daktari mmoja wa Italia, Bernardino Ramazzini, alitoa kitabu juu ya maradhi ya wafanyakazi wa kila namna. Humo aliandika juu ya watu wanaopepeta na kupima nafaka, jinsi vumbi linavyowaumiza koo, macho na mapafu. Zaidi ya miaka mia tatu imepita na vumbi bado ni lile lile.

Dalili ni hizi. Mtu anakohoa siku za kazi, na akipumzika siku mbili tatu anapata nafuu. Macho yanawasha, pua inaziba. Kifua kinabana na pumzi inatoka na mluzi. Wengine, baada ya siku ya vumbi jingi, hushikwa jioni na homa na baridi, wakadhani ni malaria. Basi, msagaji akienda zahanati apimwe, na amweleze daktari waziwazi kwamba anafanya kazi ya kinu. Daktari asipojua kazi yako hawezi kujua vumbi lako. Na kikohozi kikiendelea kwa wiki mbili, apimwe kifua kikuu bila kungoja, kwa maana ugonjwa huo nao huenea upesi katika chumba kilichofungwa chenye watu wengi.

Kikundi kinaweza kufanya nini? Tunapendekeza haya:

1. Kagua mfuko wa kitambaa kila wiki. Ukitoboka ushonwe au ubadilishwe. Kama mnaweza, fundi atoboe ukuta na kupeleka tundu la juu la pipa nje ya nyumba, mbali na njia ya watu, huku mfuko ukiwa bado umefungwa hapo.

2. Funga mdomo wa gunia kwenye bomba kwa ukanda wa mpira wa tyubu. Tundu dogo hapo latosha kujaza chumba kizima vumbi. Kagua pia maungio ya bomba.

3. Mahindi yapepetwe nje kabla ya kuletwa kwenye mashine. Mahindi machafu huja na udongo, na yale yaliyoota kuvu huja na vumbi la kuvu, ambalo ni baya zaidi kifuani. Mahindi ya namna hiyo hayafai kusagwa kwa chakula hata kidogo.

4. Injini ya dizeli ikae chumba chake, na ekzosi ipande juu ya paa, upande ambao upepo hauirudishi ndani wala kuipeleka kwenye foleni ya wateja.

5. Madirisha yawe pande mbili zinazotazamana, ili hewa iingie huku na kutokea kule. Dirisha moja peke yake ni kama mlango wa mfuko: hewa inachungulia na kurudi. Acheni pia nafasi kati ya ukuta na paa, na muizibe kwa waya wa matundu kuzuia ndege na panya.

6. Usifagie wakati watu wamo ndani. Ufagio mkavu unaliamsha vumbi lililokuwa limelala. Futa kwa gunia lililoloweshwa na kukamuliwa, milango ikiwa wazi. Usimwage maji mengi, maana unga uliolowa huoza na kuota kuvu.

7. Wateja wangojee nje, chini ya kibanda. Mama mwenye mtoto mgongoni asiingie chumbani. Mtoto huyo hana haja yoyote na vumbi letu.

8. Sigara, mshumaa na koroboi visiingie. Unga uliotanda hewani unaweza kushika moto kwa mlipuko.

JIKO LA HOTELI NA JIKO LA SHULE

Kwenye jiko la biashara adui ni moshi, na moshi mwingi hutokana na kuni mbichi. Kuni mbichi hutumia moto wake wenyewe kukausha maji yaliyomo, na sisi tunabaki na moshi na machozi. Kuni zipasuliwe na kupangwa chini ya paa, upepo upite kati yake, kwa miezi kadhaa kabla ya kutumiwa. Shule inayonunua kuni za muhula huu leo asubuhi itapika kwa moshi muhula wote. Inunue sasa za muhula ujao.

Magunzi ya mahindi tunayo tele hapa Trans Nzoia, na si vibaya kuyatumia. Lakini huwaka upesi na kuisha upesi, na yakiwa na unyevu hutoa moshi mzito. Yatunzwe makavu. Na tafadhali, tusiwashe moto kwa karatasi za plastiki, malapa au vipande vya taili. Moshi wake una sumu kuliko wa kuni, na harufu yake inaingia hata kwenye mandazi.

Halafu tuangalie jiko lenyewe. Wengi wanalijua jiko la Upesi, lile la udongo wa kuchomwa linalojengewa mahali pamoja, ambalo pia liliitwa jiko la Maendeleo. Lilienezwa magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1980 na 1990, na limewasaidia akina mama wengi kupunguza kuni. Lakini tuelewane: jiko hili linapunguza kuni, halina dohani. Moshi unaobaki bado unaingia chumbani. Kati ya 1998 na 2001 shirika la ITDG, ambalo sasa linaitwa Practical Action, lilifanya kazi na familia za Kajiado na za magharibi mwa Kenya kutafuta njia za kupunguza moshi. Walijaribu majiko, madirisha, nafasi za kandokando ya paa, na kofia za moshi. Iliyopunguza moshi zaidi ilikuwa kofia ya moshi.

Kofia ya moshi ni nini? Ni bati lililokunjwa kama mwavuli wa pembe nne juu ya jiko, lenye bomba la kutokea paani. Fundi wa jua kali yeyote anayetengeneza masanduku na mabirika anaweza kuikunja. Iwe pana kuliko jiko, ishuke chini kiasi cha kunasa moshi lakini isimgonge mpishi kichwani. Bomba lipite juu ya kilele cha paa, ama sivyo upepo utaurudisha moshi ndani. Masizi yaondolewe mara kwa mara, kwa sababu dohani iliyoziba ni sawa na kutokuwa na dohani.

Yako pia mambo yasiyohitaji pesa. Maharagwe na githeri viloweshwe usiku kucha ndipo vipikwe, vitaiva upesi. Sufuria ifunikwe. Wapishi wapokezane mbele ya moto. Kila saa moja inayopungua jikoni ni saa moja ya hewa safi kwa kifua cha mtu.

HATARI ISIYOONEKANA

Sasa tufikie zile gesi. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Watu wengi hufikiri kwamba makaa yakishakuwa mekundu na moshi ukaisha, hatari imekwisha. Si kweli. Moshi ndio umekwisha, gesi bado inatoka.

Hapa Endebess usiku ni wa baridi, na vifaranga wanahitaji joto. Basi tunaweka jiko la makaa ndani, tunaziba kila tundu kwa magunia, na kijana wa zamu analala humo humo kuwalinda. Jamani, tusifanye hivyo. Gesi hii huchukua nafasi ya hewa safi katika damu. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu, anataka kutapika, miguu inalegea, halafu usingizi mzito unamchukua. Wawili au watatu wakiumwa kichwa pamoja katika chumba chenye jiko, msingoje kuulizana. Tokeni nje wote, kisha mpelekeni hospitali aliyezidiwa. Chumba cha vifaranga kiachwe wazi juu karibu na paa. Joto lihifadhiwe kwa kisanduku chenye nyasi kavu kandokando, na zamu ilale chumba kingine.

Hatari ya pili iko kwenye stoo. Vile vidonge vya kufukizia mahindi dhidi ya dumuzi hukutana na unyevu wa hewa vikatoa gesi ya fosfini. Gesi hiyo inaua wadudu, na inamuua mtu vile vile, wala haina dawa ya kuiondoa mwilini. Wakati mwingine inanuka kama kitunguu saumu au samaki aliyeoza, lakini usitegemee pua. Kufukiza kufanywe na mtu aliyefundishwa, mahindi yafunikwe vizuri kwa turubai, na stoo ifungwe kwa siku zilizoandikwa kwenye maelezo ya dawa. Mtu asilale katika stoo hiyo, wala katika chumba kinachopakana nayo kwa ukuta wa mbao au dari moja. Ikifunguliwa, ipigwe upepo kabla ya mtu kuingia kubeba magunia.

JE, KITAMBAA CHA MDOMONI KINATOSHA?

Vikundi vingi hununua kwanza vitambaa vya kufunika pua na mdomo, kisha vikadhani kazi imekwisha. Kitambaa au leso huzuia vumbi kubwa. Lile dogo linapita, na gesi inapita kabisa. Zipo barakoa nzito za vumbi, zenye kukaza vizuri usoni, ambazo zinasaidia zaidi, lakini nazo hazizuii gesi. Tena tukumbuke: leso yenye ncha zinazoning'inia karibu na mkanda wa mashine inaweza kumvuta mtu shingo. Ncha zifungwe ndani ya nguo.

Utaratibu unaofaa ni huu. Kwanza zuia uchafu pale unapotoka. Pili, uliobaki utoe nje. Tatu, punguza saa za mtu kukaa ndani yake. Barakoa ije mwisho, kusaidia hayo matatu.

SHERIA INASEMAJE?

Sheria ya zamani ya Kenya ilihusu viwanda. Mwaka 1990 ilirekebishwa ikaingiza na mahali pengine pa kazi. Mwaka 2007 ikaja Sheria ya Usalama na Afya Kazini, ambayo ndiyo tunayoifuata. Inamtaka mwenye mahali pa kazi kuhakikisha kuna hewa safi ya kutosha inayozunguka, na kuwakinga wafanyakazi na vumbi na mivuke yenye madhara. Inataka pia kila mfanyakazi apate nafasi isiyopungua mita kumi za ujazo.

Hesabu yake ni rahisi. Zidisha urefu wa chumba kwa upana, kisha kwa kimo. Chumba cha mita 4 kwa 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu, kina mita 30 za ujazo. Kinatosha watu watatu, si zaidi. Sheria haisemi kwamba kikundi cha kijijini kimesamehewa. Lakini hata kama hakuna mkaguzi atakayefika kwenu mwaka huu, yule kijana wa mashine atafika kazini kesho.

TUANZE WAPI?

Yako majaribio mawili ambayo kikundi kinaweza kufanya wiki hii bila kununua chochote.

La kwanza ni la sahani. Weka sahani nyeusi au kipande cha bati safi kwenye chumba cha mashine, karibu na anaposimama msagaji. Baada ya saa moja ya kusaga, pitisha kidole. Ukiona mstari, kila mtu aliyekuwa humo amevuta unga huo. Rekebisheni mfuko na gunia, kisha jaribuni tena mlinganishe.

La pili ni la moshi. Jikoni, wakati moto umezimwa, chukua gunzi linalofuka, lishike karibu na dirisha, kisha karibu na mlango. Tazama moshi unaelekea wapi. Ukiingia huku na kutokea kule, hewa inapita. Ukisimama na kuzunguka mahali pamoja, mnahitaji tundu lingine upande wa pili. Usifanye jaribio hili kwenye chumba cha unga.

Tunaviomba vikundi vijadiliane maswali haya katika mkutano ujao:

1. Kati ya mahali petu pa kazi, ni wapi penye hewa mbaya zaidi, na ni nani anayekaa hapo saa nyingi zaidi?

2. Je, tumewahi kumwuliza yeye mwenyewe anajisikiaje? Akisema, je, anaogopa kupoteza kazi?

3. Ni mambo gani matatu tunayoweza kufanya bila pesa kabla ya mwezi kwisha?

4. Katika mgao wa mapato ya mashine, ni sehemu gani tutakayoweka kando kwa ajili ya mfuko mpya, dirisha au dohani?

5. Nani ataandika kwenye daftari tarehe ya kukagua mfuko, bomba na dohani?

Swali la pili msilipite haraka. Msagaji na mpishi wengi hunyamaza, kwa sababu wanajua wako wengine wanaoitaka kazi hiyo. Mwenyekiti aseme mbele ya wote kwamba anayetaja kikohozi chake hafukuzwi, bali amekisaidia kikundi kuona palipoharibika. Kisha apelekwe zahanati, na akiwa bado anatibiwa apewe kazi ya nje, kama kupokea pesa na kupima magunia kwenye kibanda.

Mashine ikichakaa tutanunua nyingine kwa mkopo au kwa harambee. Mapafu hayauzwi Kitale wala Bungoma. Basi tuanze na yale madogo: mfuko ushonwe, gunia lifungwe, dirisha la pili litobolewe.